Neno la Waliofungwa Saba

Mimi mpira siujui. Nasema mapema ili asije mtu kuniuliza nani alifunga na kwa mguu gani. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na kupunguza suruali za watu waliokonda, na yote ninayoyajua kuhusu timu ya Karakana nimeyapata kupitia ukuta. Ukuta wenyewe ni wa mbao. Upande huu niko mimi, upande wa pili yuko Fundi Fremu na vioo vyake. Akikohoa nasikia, akipiga msumari sindano yangu inaruka, na akigombana na wateja, jambo ambalo ni la kila siku, mimi ndiye shahidi, nipende nisipende. Kusema kweli napenda.

Fundi Fremu ana miaka sabini na ushei. Ni mrefu, mkavu, vidole vyake vimejaa makovu madogo ya vioo, na miwani yake ameifunga kwa uzi mweusi niliompa mimi. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita. Mwanawe wa pekee yuko mbali, humpigia simu kila Jumapili, na simu yenyewe huisha kabla maji ya chai hayajachemka. Kwa hiyo mtu anayezungumza naye zaidi ni mimi, tena kwa kugonga ukuta: mara mbili, chai iko tayari, mara tatu, punguza redio.

Mtaani wanamwita Mzee wa Bado. Jina hilo lina kisa chake, na bila kisa hicho hutaelewa mengine.

Zamani timu ya Karakana ilikuwa kichekesho. Ilianzishwa na mafundi wa karakana ya treni, wakawa wanaingia uwanjani na mafuta ya mashine kwenye kucha, na walifungwa mpaka watani wao wakaiita Kapu, kwa sababu kila apitaye anatupia chake. Siku moja, miaka ishirini na sita iliyopita, walifungwa saba bila kwenye uwanja wao wenyewe, na mvua juu. Mabao yalipofika sita, jukwaa lao lilikuwa limebaki na watu kumi. Mashabiki wa upande wa pili wakaanza kuwaimbia: “Mmekwisha? Mmekwisha?” Ndipo mmoja wa wale kumi akasimama, akanyoosha kidole juu, akajibu peke yake kwa sauti ya mtu anayesimamisha basi: “Bado!” Uwanja mzima ukaangua kicheko, hata mwamuzi, wanasema. Na kweli ilikuwa bado, maana la saba liliingia dakika ileile.

Aliyesimama alikuwa Fundi Viatu, rafiki wa Fundi Fremu tangu ujana wao. Neno lake likawa salamu ya mashabiki wa Karakana. Wakifungwa, mtu anakuuliza mmekwisha, unajibu bado, mnacheka, mnakwenda nyumbani. Na waliobaki mpaka kipenga cha mwisho siku ile, Fundi Fremu naye akihesabiwa kati yao, wakaitwa Wale Kumi, wakaheshimika kama watu waliovuka jangwa kwa miguu.

Fundi Viatu alikufa miaka mitatu iliyopita. Mwaka uliofuata, Karakana wakachukua ubingwa wao wa kwanza. Juzi wamechukua wa pili. Wale Kumi wengine nao walishatangulia, mmoja mmoja, na heshima yote ikamwangukia Fundi Fremu kichwani, pamoja na jina la Mzee wa Bado.

Kombe likaleta watu. Jamani, watu! Mtaa ambao ulikuwa na jezi tatu zilizopauka sasa una jezi hata kwenye kamba ya nguo za mtoto mchanga. Na kila mmoja anataka picha ya mabingwa ukutani, na fundi wa fremu mtaani ni mmoja. Biashara imempanda, moyo umemshuka. Aliwaita “wa juzi”, na kila wa juzi aliyeingia dukani aliulizwa swali moja kabla hajaulizwa anataka fremu ya rangi gani.

“Ulikuwa wapi siku ya saba bila?”

“Mzee, nilikuwa sijazaliwa.”

“Basi usinipigie kelele dukani. Weka picha hapo.”

Fremu aliwatengenezea, tena nzuri, kona zimekutana barabara, maana kazi mbovu haijui. Ila kila picha ya ubingwa aliifunga kwa gazeti la zamani, na si gazeti lolote. Alikuwa na rundo la kurasa za michezo za miaka yote ile ya Kapu, nne moja, tano bila, tatu bila. “Ili ajue anachokipeleka nyumbani,” aliniambia.

Kilichomtia wazimu hasa ni lile neno. Wa juzi walilipenda sana, wakaanza kulipiga uwanjani wakati wanaongoza. Matatu bila, wao “Bado! Bado!”, yaani ongezeni, tusiwahurumie. Tulikuwa tukizisikia sauti mpaka hapa, uwanja si mbali, ni mwendo wa kumaliza ndizi moja.

“Hilo ni neno la mtu aliyefungwa!” alifoka ukutani. “Mtu anaongoza matatu, bado nini? Bado kushiba?”

“Mimi simo, mzee,” nikamjibu. “Mimi nina kola hapa.”

Jambo moja nililigundua. Wakimwomba awapigie “Bado” moja tu ya kale, alikataa. “Neno si langu,” alisema, “ni la Fundi Viatu.” Katika miaka kumi na mitano ya ujirani sikuwahi kumsikia akilipiga neno hilo mwenyewe. Nikadhani ni heshima kwa marehemu.

Uwanjani alishaacha kwenda. Jukwaa la zege walilitia viti vyenye namba, na siku aliyopanda kwenda mahali pake, safu ya juu kabisa mkono wa kushoto, mtu mmoja wa juzi alimwambia kwa adabu kabisa, “Samahani mzee, hapa pana mwenyewe.” Alirudi mapema siku hiyo, akakaa akisugua kioo kimoja ambacho kilikuwa kisafi tangu asubuhi. “Miaka arobaini nakaa pale,” akaniambia, “leo naambiwa pana mwenyewe.” Tangu hapo akawa anasikiliza redio dukani. Bao alilisikia mara mbili, kwanza kelele za uwanjani, halafu mtangazaji anakuja nyuma akihema. Alisikiliza peke yake, na mimi niliacha kugonga mara tatu.

Sasa, kuna mwanamke mmoja. Mara ya kwanza alikuja siku duka limejaa, na jezi mpya mwilini, na picha ya mabingwa mkononi. Akaulizwa swali lake.

“Nilikuwa darasa la pili,” akasema, “kwa mama yangu, mji mwingine.”

Watu wakacheka. Fundi Fremu akasema, “Basi subiri nyuma ya waliokuwepo.” Waliokuwepo hakukuwa na hata mmoja, ila yeye. Yule mwanamke akaikunja picha yake taratibu, akatoka. Nilikasirika. Nikagonga ukuta kwa mkasi.

“Mzee, iko siku utauliza swali hilo nawe uulizwe.”

“Waniulize,” akasema. “Mimi jibu ninalo.”

Yule mwanamke alirudi Jumanne moja asubuhi, duka likiwa tupu, na sare ya posta. Nami niseme ukweli: kwenye ukuta wetu kuna tundu, fundo la mbao lilidondoka lenyewe, mimi sikulitoboa. Nilisogeza kiti.

“Shikamoo, baba mdogo.”

Hakuna mtu duniani aliyekuwa akimwita hivyo.

“Marahaba. Baba mdogo wa nani?”

“Mimi ni mtoto wa Fundi Viatu. Yule wa kwanza, aliyekulia kwa mama.”

Fundi Fremu alisimama haraka mpaka rula ikaanguka. “Mtoto wa rafiki yangu! Na mbona siku ile hukusema?”

“Ungeniuliza nilikuwa wapi alipokuwa anaumwa,” akasema. Hakusema kwa ukali. “Sikuwepo. Nilifika wameshamzika. Nimeachiwa nyumba na sanduku, na baba mwenyewe sikumjua vizuri. Ndiyo maana nimeanza kwenda mpirani, nikae alipokaa. Wa juzi ni mimi kweli, hukukosea.”

Mzee wa watu akakosa pa kuweka mikono. Akamvutia kiti, akakifuta kwa shati lake, akakifuta tena.

Yule binti akatoa bahasha. “Nimeikuta sandukuni. Naomba uitie kioo.”

Ilikuwa picha, ukubwa wa daftari, imejikunja pembeni. Zamani kulikuwa na mpiga picha aliyezunguka majukwaani akipiga watu na kuwauzia. Siku ya saba bila, nadhani mnunuzi alimpata mmoja tu. Fundi Fremu akaiweka mezani, akaibana kwa vyuma vinne, akainama.

“Picha hii sijawahi kuiona,” akasema polepole.

“Ni siku ile. Nyuma imeandikwa. Baba ndiye huyu aliyesimama, mdomo wazi, kidole juu. Nadhani ndiyo dakika yenyewe.” Akasogea karibu naye, kwa furaha ya mtoto anayeonyesha daftari lake. “Nimewahesabu. Wako tisa. Wewe ni yupi, baba mdogo?”

Nilikuwa nimeshaacha kukanyaga cherehani. Kwa kitundu kile nilimwona mgongo tu, na mgongo haukusogea.

“Huyu hapa,” akasema mwishowe. “Ukingoni. Unaona kiwiko hiki? Mpiga picha alinikata.”

Akacheka yule binti, akacheka kwa raha. “Masikini! Basi usiifunike pembeni, hata kiwiko kionekane.” Halafu akaleta uso karibu zaidi na meza. “Na hapa je? Mvua inanyesha, wenzake wote wamejifunika, baba kichwa wazi. Kofia yake hii hapa ameilaza kando yake kwenye zege. Naijua, ipo sandukuni. Ameweka nafasi. Alikuwa anamwekea nani?”

Fundi Fremu akavua miwani. Akaiweka mezani, akaichukua, akaivaa tena, akaitazama ile picha kama mtu anayesoma barua.

“Mimi,” akasema.

“Si umesema kiwiko…”

“Kiwiko ni cha muuza karanga. Shati lake lilikuwa la mistari hivyo hivyo kila siku.” Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi niweke sikio badala ya jicho. “Mwanangu, mimi niliondoka bao la nne. Nilimwambia baba yako naenda haja ndogo mara moja. Nikafika mlangoni, nikaona barabara, miguu ikaendelea yenyewe. Nilikuwa nimechoka kuchekwa. Nyumbani nilimkuta mke wangu anaanua nguo, akaniuliza, ‘Mpira umekwisha?’ Nikamwambia, ‘Umekwisha.’ Nimepiga hesabu ya ule mwendo mara nyingi mno. Ni dakika zilezile. Mimi nasema umekwisha kule, na baba yako huku…”

Aliinama akaiokota ile rula.

“Kesho yake nilikwenda kibandani kwake na maneno yangu ya kuomba radhi nimeyapanga. Nikakuta watu wamemzunguka, wanamuuliza mlibaki wangapi. Akaniona mimi nyuma yao. Akasema, ‘Tulikuwa kumi. Na huyu alikuwepo.’ Basi. Hatukulizungumza tena mpaka kaburini. Miaka yote hii nilidhani alinifichia aibu, kwa urafiki. Sasa naiona kofia.” Akagusa picha kwa kidole kimoja, kile chenye kovu refu. “Hakuongopa yule. Alinihesabu. Alikaa na mvua kichwani mpaka la saba, akinihesabu.”

Niseme nilivyojisikia? Nilijisikia vibaya. Nilitamani nisingekuwa na kile kitundu. Mtu nimekunywa naye chai miaka kumi na mitano, nikadhani anachokikosa ni mke na mwana na kiti cha uwanjani.

“Baba yako ndiye pekee aliyejua,” akaendelea. “Alipokufa, watu wote waliobaki wakawa wananijua mtu ambaye si mimi. Wananisalimia yeye. Wanamheshimu yeye. Mimi mwenyewe sina wa kunisalimia.”

Nilingoja yule binti amseme, na haki alikuwa nayo, kwa jinsi alivyoaibishwa mle mle dukani mbele ya watu. Hakumsema. Alisema jambo baya zaidi.

“Kwa hiyo hakuna wa kuniambia baba alikuwaje siku ile.”

“Hakuna, mwanangu,” akasema Fundi Fremu. “Ningekuwepo ningekuambia.”

Akaiacha picha, akasema ataifuata Jumamosi, akaenda zake kazini. Siku tatu zile hakuna mteja aliyeulizwa alikuwa wapi. Mmoja, wa juzi kabisa, jezi bado ina alama za mikunjo ya dukani, aliuliza mwenyewe: “Mzee, huniulizi lile swali lako?” Fundi Fremu akamjibu kwamba yeye hakuwepo siku ile. Yule akacheka mpaka akashika mlango. “Mzee wa Bado ana utani huyu!” Akamwambia tena, kwa makini, “Kweli, sikuwepo,” na yule akazidi kucheka, akatoka akiwasimulia wenzake. Ukweli aliusema mara mbili kwa mtu mmoja na haukumwingia. Nilimgongea chai. Hakuitikia.

Jumamosi asubuhi binti alikuja. Fremu ilikuwa ya mbao nyeusi, na picha hakuifunika popote, si kiwikoni, si kwenye kofia. Hakuifunga kwa gazeti la kufungwa. Aliifunga kwa kipande cha kitambaa cheupe alichokuja kuniomba mimi, bila kusema ni cha nini, na mimi nikampa bila kuuliza, nikijifanya sijui.

Binti aliikumbatia kifuani. Alipofika mlangoni akageuka.

“Leo saa kumi tunacheza. Mimi nakaa safu ya juu kabisa, mkono wa kushoto.”

“Pale siku hizi pana wenyewe,” akasema mzee.

“Ndiyo, pana mwenyewe,” akasema. “Kofia ninayo.” Akaenda.

Saa kumi ilipofika, Fundi Fremu alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, redio miguuni. Nilimtazama waziwazi, sikuhitaji kitundu. Alikuwa amevaa shati lenye kola, lile ninalomgeuzia kola kila mwaka ikichakaa. Viatu alivivaa, akavivua, akavivaa. Bao la kwanza likaja kutoka uwanjani, kisha likaja redioni. Halafu la pili. Nilisema moyoni, nyanyuka wewe mtu, na mdomo wangu ambao haujui kunyamaza siku hiyo ulinyamaza. Ningemwambia nini? Kwamba nilisikia yote kwa mlango wa panya?

La tatu. “Bado! Bado!” zikaanza kule, sauti elfu kadhaa zilizoshiba. Hakufoka. Aliinamisha kichwa kama mtu anayesomewa kosa lake. La nne likaingia, na mara tukaona watu wa kwanza wanatokea kwenye kona, jezi mpya mpya, wanawahi kabla ya msongamano. Wakiongoza nne huwa hawangoji. Kazi imekwisha, wanakwenda kula.

Hapo ndipo aliposimama. Hakuzima redio, hakufunga mlango, hakuniaga. Akashika njia ya uwanjani, na njia nzima ilikuwa inamjia yeye usoni. Walikuwa wengi, wanacheka, wanapuliza vile vipenga vyao, na yeye kati yao mrefu, mkavu, anapita bega mbele kama mtu anayeingia mlango mwembamba.

Mmoja akamtambua. “Mzee wa Bado! Unaenda wapi sasa? Mpira umekwisha!”

Fundi Fremu akasimama. Nilikuwa nimeshatoka nje na pini zangu mdomoni, nilimwona vizuri.

“Bado,” akasema.

Hakulipiga kwa sauti. Alilisema tu, kama unavyomjibu mke anayekuuliza jambo mlangoni. Wao wakadhani anawapa ile waliyomwomba siku zote, wakalipuka, “Badooo!”, barabara nzima, wakampigapiga mgongoni. Yeye alikuwa ameshawapita, anakazana, mkono mmoja umeshika miwani isidondoke.

Kama aliwahi kabla ya kipenga, sijui. Mpira siujui, nimesema. Duka lake lilikuwa wazi, redio inaongea peke yake, na wapita njia wameanza kuchungulia ndani. Nikachukua kiti changu nikakiweka kwenye mlango wake, nikakaa, ili watu waone kwamba pana mwenyewe.